Mapaja Yamekwisha, Zimebaki Shingo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana nilipomsimulia mke wangu alicheka nilipofika katikati na ile sehemu yenye uchungu hakuisikia. Mimi ni dereva wa basi la masafa marefu, mwaka wa kumi na moja sasa, kilomita mia sita kwenda na kesho yake mia sita kurudi, sijawahi kugonga hata mbuzi, na shida yangu si barabara, shida yangu ni chakula, tena si chakula changu bali cha abiria, na nyuma ya chakula hicho amesimama mama mkwe wangu, ambaye Jumamosi ya tarehe kumi na nne atapanda basi langu kwa mara ya pili.

Nianze na mara ya kwanza. Mama mkwe alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka thelathini, amestaafu lakini ukimweka karibu na sufuria yenye kifuniko anakuambia kilichomo na kinachokosekana, na mimi namheshimu kupita kiasi kwa sababu nilipokwenda kumposa binti yake sikuwa na mbele wala nyuma, wajomba wote walikunja nyuso, ni yeye aliyesema, "Mwacheni huyu. Hana kitu, lakini akisema jambo ni hilo hilo." Kwa maneno hayo nikapewa mke, na mpaka leo nayabeba kifuani kuliko hata leseni yangu.

Sasa, karibu na nusu ya safari yetu kuna hoteli moja kubwa ambako mabasi yote ya kampuni yetu husimama watu wale chakula cha mchana, na nyuma ya hoteli hiyo kuna chumba chenye pazia, chumba cha madereva, ambamo dereva na kondakta wake hula bure, huo ndio utaratibu wa barabara, ukileta abiria hamsini na watano wewe hulipi. Kwa miaka tisa nilikaa nyuma ya pazia lile nikiletewa kuku wa kukaanga, wali unaofuka moshi, mboga mbichi na matunda yaliyokatwa vizuri kwenye sahani, na naapa mshauri, niliamini kwamba ninachokula mimi ndicho wanachokula wote. Kwa hiyo kila tulipokaribia pale nilishika kipaza sauti nikasema, "Ndugu abiria, sasa tunakwenda kula. Chakula cha hapa ni kama cha nyumbani, mimi mwenyewe nakula hapa kila siku!" Na kweli nilikuwa nakula pale kila siku. Watu wakirudi ndani ya basi na nyuso ndefu nilidhani ni uchovu wa safari.

Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu mpya nilimpa kiti cha mbele kabisa, na tulipofika hotelini nilitaka kumwingiza chumbani kwetu, akakataa, akasema, "Wewe uko kazini, mimi ni abiria. Nitapanga foleni na wenzangu." Alirudi akaketi kitini pake. Kilomita mia tatu zilizobaki hakusema neno, mimi nikapiga honi, nikamwonyesha milima, nikamwonyesha daraja jipya, bure. Tulipofika nyumbani mke wangu akaandaa meza, ndipo mama mkwe akafungua mkoba wake, akatoa leso iliyokunjwa, akaikunjua mbele yangu. Ndani kulikuwa na kipande cha nyama, cha rangi ya majivu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Ndicho chakula cha nyumbani ulichotutangazia."

Nikakitia mdomoni, ningefanya nini? Mke wangu alimimina chai vikombe vyote, akawapakulia watoto, akamnyonyesha mdogo, mimi bado natafuna, taya zinaniuma, nyama iko vilevile kama nilivyoipokea, na mama mkwe ananitazama tu, hata hapepesi macho. Mwishowe akasema, "Miaka tisa unasimama mbele ya watu wenye njaa unawasifia kitu hiki. Ama huna ulimi, ama mdomo wako umeukodisha. Sijui ni lipi lenye nafuu kwa binti yangu." Akachukua chai yake akanywa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, nyama ile ikiwa mdomoni.

Tangu siku ile hakunitukana wala hakuninunia, ila mshauri, nikimwambia mvua imenyesha huku kwetu, anasema, "Ngoja nimuulize binti yangu." Unaelewa maumivu ya jibu hilo?

Nikaapa nitatafuta mahali pa kweli kwenye barabara ile, hata kama itanichukua mwaka. Siku zangu za mapumziko nikawa napanda mabasi ya watu wengine kama abiria, nashuka kituo kimoja, nakula, napanda tena, nashuka kingine, mke wangu akawa ananiuliza kama nimepata mwanamke, nikamwambia natafuta maharage. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuwauliza madereva wenzangu, na kila mmoja alinielekeza kwa moyo mweupe, "Nenda pale, utajilamba vidole," nikaenda, nikala vibaya, nikachungulia nyuma, nikakuta pazia. Sehemu sita, mshauri! Sehemu sita, mapazia sita! Mpaka siku moja fundi wa matairi, mzee mmoja anayekaa kando ya barabara na jeki yake, akanicheka.

"Wewe unamuuliza anayelishwa," akaniambia. "Muulize anayelipa. Mimi niko hapa barabarani mwaka mzima, nikila kibaya leo kesho hunioni. Nenda nyuma ya kituo cha kupimia malori, kwa Shangazi. Lakini ukifika saa nane utakuta wanakwangua sufuria."

Nikafika saa nane na robo, nikakuta wanakwangua sufuria. Wiki iliyofuata nikafika saa sita. Ni banda la mabati lenye mabenchi manne, sakafu ya udongo imefagiwa ikanyunyiziwa maji, majiko matatu, na huyo mama wanayemwita Shangazi pamoja na wadogo zake wawili. Kabla ya kupakua sufuria yoyote anadondosha mchuzi kidogo kiganjani, analamba, anatikisa kichwa kama hakimu, kisha ndipo anaruhusu. Nilikula maharage yake na wali mpaka punje ya mwisho. Nikaomba paja la kuku, nikalitafuna mpaka mfupa. Nilikumbuka ile leso na machozi yakanilengalenga, nikasingizia moshi.

Shida ikawa kwamba Shangazi alizoea watu thelathini wasio na haraka, na mimi nina hamsini na watano wenye dakika ishirini na tano. Hapo kondakta wangu akatoa akili, Mungu ambariki, akasema tukivuka daraja yeye atapita na daftari kiti kwa kiti akiandika nani anataka nini, atampigia Shangazi simu, na Shangazi ataandika namba za viti kwa chaki juu ya meza, kila abiria akishuka anakwenda kwenye namba yake na sahani iko pale inamsubiri. Shangazi akaazima mabenchi kanisani na msikitini, kote kote. Msimamizi wetu wa safari nilimbembeleza wiki tatu, akanipa mwezi mmoja wa majaribio, akasema nikichelewesha basi hata mara moja nitarudi kwenye hoteli kubwa na nitaosha basi mwenyewe.

Mshauri, laiti ungekuwepo siku ya kwanza! Watu walishuka wakinung'unika, "Huku vichakani tunapelekwa wapi?" Dakika ya kumi hapakuwa na anayenung'unika, palikuwa na sauti za vijiko tu. Mzee mmoja wa kiti cha arobaini na mbili alikataa kuinuka, akanipungia mfupa akisema, "Dereva, huu bado una maneno!" Tukaondoka dakika ya ishirini na nne, na nilipotazama kioo cha juu nikaona basi zima limelala, midomo wazi, watoto kwa wakubwa, shibe imewashika, na mimi nikaendesha peke yangu nikiimba chinichini kama bwana harusi. Baada ya mwezi watu wakawa wanafika dirishani kukata tiketi wanauliza, "Ni basi lile linalosimama kwa Shangazi?" Msimamizi akaacha kuzungumzia majaribio, na mabasi mengine mawili ya kampuni yakapangiwa kusimama pale.

Sasa ndipo penye uchungu. Mwezi uliopita nilipofika Shangazi alinishika mkono, uso unang'aa, akanipeleka nyuma ya banda. Amejenga chumba. Kidogo, kizuri, kuta zimepakwa chokaa, kuna meza yenye kitambaa, kiti chenye mto alioushona mwenyewe, na mlangoni, mshauri, pazia. La maua. Akaniambia, "Mwanangu, bila wewe nisingefika hapa. Hiki ni chako, na sahani yako sipokei malipo tena." Alikuwa analia kwa furaha. Ningesemaje hapana?

Nikaingia. Nakiri mbele yako, niliingia, na kuku alikuwa mtamu kuliko hata siku zote, na mto ule ulinipumzisha kiuno. Kesho yake nikaingia tena. Siku hiyo ya pili nikiwa nakula nikasikia nje sauti ya mama mmoja akiuliza kama anaweza kubadilishiwa kipande, na mdogo wake Shangazi akamjibu, "Mapaja yamekwisha mama, zimebaki shingo." Nikatazama sahani yangu. Mapaja mawili.

Nikaisukuma sahani kando. Tangu siku hiyo namwambia Shangazi nina tumbo, nakula mkate ndani ya basi, na yeye ameanza kunitazama kwa wasiwasi na kuniandalia uji. Mke wangu anasema nisiwe mjinga, nimekihangaikia chakula kile, nile. Madereva wa yale mabasi mengine mawili wameshaingia chumbani na hawana mpango wa kutoka. Nikikataa, nitamvunja moyo mama aliyenipokea kama mwanawe. Nikikubali, najua barabara hii inakoelekea kwa sababu nimeshaisafiri miaka tisa. Na Jumamosi ya tarehe kumi na nne kiti cha mbele kimeshaandikwa jina la mama mkwe. Nifanye nini?

Ni mimi, Dereva Mwenye Tumbo la Uongo

JIBU

Dereva, nimekusoma mpaka mwisho, na mimi pia nilicheka katikati, nisamehe. Baadaye niliacha kucheka.

Kwanza nikugombeze, maana bila hivyo hutalala vizuri. Miaka tisa! Una vioo vitatu kwenye basi lako. Unaona lori lililo nusu kilomita nyuma yako, unaona pikipiki inayochomoza vichakani, usimwone mama wa watu aliyeshuka na njaa na akapanda na njaa? Ulidhani ni uchovu. Nyani haoni kundule, na aliyeshiba hasikii tumbo la mwenzake likinguruma. Mama mkwe wako hakukuonea. Nyama ile ungeitafuna mpaka leo ingekuwa haki yake.

Lakini watu wengi wakiaibishwa hununa, hutafuta wa kumlaumu, husema yule mama ana mdomo. Wewe ulipanda mabasi ya wenzako siku zako za kupumzika, ukala vibaya mara sita ili watu usiowajua wale vizuri kila siku. Abiria wanaolala midomo wazi ni kazi yako, na kwa hilo piga kifua, nimekuruhusu.

Sasa pazia. Sikiliza, Shangazi hajaharibika. Pazia la kwanza kwenye barabara hii halikushonwa na mtu mbaya, nina hakika. Lilishonwa na mpishi mwenye shukrani kwa dereva aliyemletea watu, na dereva akaona haya kukataa. Ndivyo ilivyoanza hiyo hoteli kubwa unayoikimbia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila hawakutuambia kwamba anayesifiwa akipewa kiti chenye mto naye huacha kuonja. Wewe ndiye ulimi wa abiria hamsini na watano. Ukila kutoka chungu tofauti na chao, umewakata ulimi wote.

Kwa hiyo acha uongo wa tumbo, maana mama wa watu anakupikia uji kwa kuni zake, na njia ya mwongo ni fupi hata kama ya kwako ina kilomita mia sita. Siku moja kabla hujamleta mama mkwe, fika kwa Shangazi ukiwa huna abiria. Kaa naye jikoni, si chumbani. Mshukuru kwa mikono miwili, kisha msimulie habari ya leso kama ulivyonisimulia mimi, usiruke hata mstari. Huyu ni mtu anayelamba kiganja kabla ya kupakua, ataelewa kabla hujamaliza. Mwambie chumba chake ni kizuri mno kwa dereva. Kuna wamama wanaonyonyesha wakiwa wamesimama juani, kuna wazee wanaohitaji kiti chenye mto. Pazia na libaki, lakini liwe lao.

Wewe kula benchi moja na abiria, lipa kama wao, na upakuliwe wa mwisho. Kikiisha, kimeisha hata kwako. Ikibaki shingo, kula shingo, shingo nayo ni kuku. Wale madereva wengine usibishane nao, waambie tu wakae nawe wiki moja. Na hicho kipaza sauti chako kipunguzie sifa. Sema, "Tunasimama dakika ishirini na tano," basi. Pua zao zitawaambia mengine.

Na mama mkwe mwambie kuhusu hizo mara mbili ulizokula nyuma ya pazia la Shangazi, kabla hajapanda ngazi ya basi. Akisikia kwa mwingine utatafuna leso yenyewe.

Nanyi wasomaji wenye safari ndefu, msipite tu. Mkitaka kula mahali mtakapopakumbuka, msimuulize anayelishwa, muulizeni anayelipa na atakayelipa tena kesho. Fundi wa matairi, mwalimu wa shule iliyo karibu, mama anayeuza maji dirishani. Halafu fikeni mapema, maana pazuri huisha.

Barua hii ilinifikia zikiwa zimebaki siku nne, kwa hiyo Dereva nilimjibu kwa simu kwanza. Ujumbe alionitumia Jumapili nauweka hapa kwa ruhusa yake, pamoja na makelele yake yote.

*

"Mshauri! Nimefanya yote. Shangazi alilia kidogo, akacheka, akachukua ule mto akamkalisha bibi mmoja palepale. Mama mkwe nilimwambia kituoni kabla hajapanda, akasema, 'Mara mbili?' nikasema mara mbili, akasema, 'Twende.' Basi. Kwa Shangazi hakwenda kwenye namba yake, alikwenda moja kwa moja jikoni, wapishi wawili wakatazamana, Shangazi akamdondoshea mchuzi kiganjani, mama akalamba, akanyoosha kiganja tena!

Mimi nikapakuliwa wa mwisho. Shingo mbili na mchuzi. Mama akaja mpaka kwenye benchi langu, akatazama sahani. 'Paja lako liko wapi?' Nikasema, 'Mapaja yamekwisha, mama.' Hakuniamini, akarudi jikoni akafunua sufuria mwenyewe. Tupu. Akarudi kwenye sahani yake akala, kisha kilomita mia tatu hakusema neno, nikajua nimekwisha.

Nyumbani mke wangu akaandaa meza. Mama akafungua mkoba, akatoa leso. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Akaikunjua, ndani kuna paja la kuku, jekundu, linanukia chumba kizima. Kumbe kwenye daftari la kondakta alikuwa ameagiza mawili! Akalisukuma kwa binti yake, akasema, 'Onja. Hapa ndipo mumeo anapowalisha watu.' Mke wangu akaonja, akafumba macho. Nikanyoosha mkono nichukue kidogo, mama akaupiga kofi.

'Wewe kaa,' akasema, na akacheka, mshauri, kwa mara ya kwanza tangu ile nyama. Kisha akamgeukia binti yake. 'Mwache huyu. Akisema yamekwisha, yamekwisha kweli.'"